Kutoka Bungoma hadi Quebec: Tulipomfuata babu wa mwaka 1617

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, jiulize swali hili: babu yake babu yako aliitwa nani? Na mke wake je, alizaliwa wapi na nani? Ukiwa na majibu, wewe ni mtu wa bahati. Mimi nimeshaota mvi, lakini nilipoulizwa swali hilo na mtoto wa miaka kumi nilibaki kukuna kichwa.

Ilikuwa Septemba 2023, mjini Montreal, nchini Kanada. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyeolewa huko na kijana wa mkoa wa Quebec ambako watu wengi husema Kifaransa. Wana mtoto mmoja wa kike. Mama yake amemfundisha kuniita Kuka, kama watoto wa Kibukusu wanavyomwita babu, na jina hilo hulitamka vizuri kuliko watoto wengi wa Nairobi ninaowajua.

Jioni moja mtoto huyo alitandaza karatasi iliyofunika meza nzima. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wachore mti wa ukoo, kila mmoja aandike wazee wake kadiri awezavyo. Upande wa baba ulikuwa umejaa. Majina yalipanda tawi kwa tawi, vizazi 13, mpaka juu kabisa kwa mume na mke waliovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1617: Louis Hébert na Marie Rollet. Upande wa mama ulikuwa na majina saba, kisha nafasi tupu.

“Kuka,” akaniuliza, “watu wa mama walianza lini?”

Mama yake alicheka. Mimi sikucheka. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na hapa alikuwepo mtoto ambaye hakuiacha asili yake hata kidogo. Sisi wakubwa ndio hatukumpa.

Baba yake, kijana mpole, alinitazama akasema, “Mjomba, Jumamosi twende sote mjini Quebec. Utamwona Hébert mwenyewe, na utajua tulivyompata.”

Kila ndoa ni mlango

Kutoka Montreal hadi mji wa Quebec ni mwendo wa kilomita 250 hivi, barabara ikiufuata mto Saint Lawrence kuelekea baharini. Miti ilikuwa imeanza kugeuka rangi, mingine mekundu kama moto wa mkaa. Njiani kijana huyo alinieleza kazi ya kutafuta wazee, na nitakueleza nawe kwa sababu huenda ukaihitaji.

Kwanza, alisema, usianze na mtu mashuhuri wa zamani kisha ushuke kwako. Ukifanya hivyo utalazimisha undugu usiokuwepo. Anza na wewe mwenyewe, upande ngazi moja moja, bila kuruka hata kizazi kimoja.

Ngazi zenyewe ni ndoa. Padre wa Quebec alipofungisha ndoa aliandika majina ya bwana na bibi arusi, na kwa kawaida pia majina ya wazazi wao wa pande zote mbili. Kwa hiyo kila ndoa ni mlango unaokufikisha kwenye ndoa mbili za nyuma yake. Na mwanamke aliandikwa kwa jina la babake hata baada ya kuolewa, basi hapotei ndani ya jina la mumewe. Desturi hiyo bado ina nguvu: tangu mwaka 1981 sheria ya Quebec humtaka mke abaki na jina lake la kuzaliwa.

Tena vitabu hivyo vilitunzwa. Mwaka 1667 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza kila kanisa liandike sajili yake mara mbili, nakala moja ibaki kanisani na nyingine ipelekwe mahakamani. Moto ukiila moja, nyingine itasalia. Huko Quebec vitabu vya kanisa viliendelea kuhesabiwa kuwa sajili za serikali mpaka mwisho wa mwaka 1993. Padre mmoja, Cyprien Tanguay, alitumia miaka mingi kuzunguka makanisani akikusanya majina, akatoa kamusi ya koo yenye mabuku saba kati ya 1871 na 1890. Mwaka 1966 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montreal walianza kuziunganisha sajili za kale kwa kutumia kompyuta.

Usidhani lakini kwamba kazi ni rahisi. Mwaka 1665 kilitua Quebec kikosi cha askari wa mfalme kiitwacho Carignan-Salières, na mamia ya askari wake hawakurudi kwao. Wengi walikuwa na majina ya kambini. Mtu aliweza kuitwa Lafleur, yaani Ua. Mtoto wake akatumia jina la ukoo, mjukuu akachukua lile la Ua, nawe mtafutaji ukaachwa njia panda. Kati ya 1663 na 1673 mfalme alipeleka pia wasichana karibu 770 waolewe huko, akawalipia nauli. Wazee wengi wa kike wa watu wa Quebec wanatokana na wasichana hao.

“Na wewe umeshika kamba ya nani?” nikamuuliza.

“Ya Guillemette, binti ya Hébert,” akajibu. “Tuko wengi sana tulioshika kamba hiyo. Si jambo la kujivunia peke yangu.”

Setla wa kwanza

Mji mkongwe wa Quebec umejengwa juu ya mwamba. Samuel de Champlain aliuanzisha mwaka 1608, na kwa miaka kadhaa ulikuwa kituo cha wafanyabiashara wa ngozi za wanyama. Walikuja, wakanunua, wakaondoka. Louis Hébert alikuja kukaa.

Alikuwa mtu wa dawa mjini Paris, yaani aliyechanganya na kuuza dawa za miti. Kampuni ya wafanyabiashara ilimwahidi mshahara mzuri ikiwa atahamia Quebec na familia yake. Akauza nyumba. Alipofika bandarini Honfleur na mkewe na watoto watatu, akaambiwa mshahara umepunguzwa nusu. Afanye nini, naye nyumba amekwisha kuiuza? Akapanda meli. Huko alilima mahindi na mboga na kuwatibu wagonjwa, ijapokuwa kampuni haikupenda walimaji, ikitaka ngozi tu. Januari 1627 aliteleza kwenye barafu, akaanguka, akafa.

Sanamu yake imesimama katika bustani ya Montmorency, mahali unapouona mto wote chini yako. Ni kazi ya Alfred Laliberté, iliyozinduliwa mwaka 1918. Hébert ameinua mganda wa ngano juu. Chini yake ameketi Marie Rollet na watoto, na upande mwingine yuko Guillaume Couillard, mume wa Guillemette, na plau yake. Mjukuu wangu aliizunguka akiwataja mmoja mmoja, kama mtu anayewatambulisha jamaa zake kwa mgeni.

Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Msomaji, unajua neno setla lina maana gani kwetu. Nilikulia jirani na Trans Nzoia, ambako wazee wetu waliondolewa ardhi nzuri ikagawiwa masetla, wakarudi humo kama vibarua. Na nchi ya Quebec haikuwa tupu Hébert alipofika; watu wa Innu na wengineo walikuwa wakivua na kuwinda humo tangu kale. Leo nilikuwa nimesimama mbele ya sanamu ya setla, na setla huyo ni babu wa mjukuu wangu. Ningemwambia nini mtoto? Damu haichagui. Nikamshika mkono tukaendelea.

Sajili zilipoungua

Mchana tulifika kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa la Quebec, iliyoko katika Chuo Kikuu cha Laval. Watu walikuwa wameinama kimya mbele ya mashine zinazoonyesha picha za kurasa za kale. Baba mtoto akanionyesha mstari mmoja uliotajwa katika kila kitabu cha ukoo wake: ndoa ya Guillaume Couillard na Guillemette Hébert, tarehe 26 Agosti 1621. Walizaa watoto kumi. Humo ndimo kamba yake inamopita.

“Sasa nikwambie siri yake, Mjomba,” akasema. “Kitabu cha asili hakipo.”

Mwezi wa Juni 1640 moto uliteketeza kanisa la Quebec pamoja na nyumba ya mapadre, na sajili zote zikawa majivu. Hii ilikuwa kabla ya ile amri ya nakala mbili. Mapadre walifanya nini? Waliwauliza watu. Nani alioa nani, mwaka gani, mtoto gani alibatizwa, nani alizikwa. Mji ulikuwa mdogo na wenye kukumbuka walikuwa hai, Guillemette mwenyewe akiwa miongoni mwao. Kumbukumbu za miaka ya mwanzo zikaandikwa upya kutoka vinywani.

Nilikaa kitini kimya. Siku zote nimesikia watu wakisema kwamba Wazungu wana maandishi na sisi tuna maneno matupu. Kumbe ngazi ya mwanzo kabisa ya maandishi haya inasimama juu ya maneno ya wazee! Tofauti yao na sisi ni moja tu. Waliulizana wakati wenye kukumbuka walikuwa bado wanapumua, wakaandika siku hizo hizo.

Mtoto wa Bukini

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona juu ya sanamu.

Mwaka 1629 Waingereza walioongozwa na ndugu wa ukoo wa Kirke waliuteka mji wa Quebec. Pamoja nao alikuja mtoto wa kiume mweusi, wa miaka saba hivi. Inaelezwa kwamba alitoka Madagascar, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Aliuzwa kwa sarafu 50 za Kifaransa, na Waingereza walipoondoka mwaka 1632 aliyemnunua akamtoa. Alimpa nani? Alimpa Guillaume Couillard. Mtoto wa Bukini akakua katika nyumba ya Guillemette, binti ya Hébert.

Padre Paul Le Jeune alimfundisha kusoma. Padre huyo aliandika kwamba mtoto alipoulizwa kama anataka kubatizwa awe kama wao, aliuliza iwapo atachunwa ngozi kwanza, maana yeye ni mweusi na wao ni weupe. Waliomsikia wakacheka. Alibatizwa mwaka 1633 akaitwa Olivier, jina la karani mkuu wa kampuni, na baadaye akapewa la pili, Le Jeune, jina la padre. Mwaka 1638 alifungwa minyororo siku nzima kwa kosa la kumsingizia mtu, na kwenye karatasi ya kesi akatia alama badala ya sahihi. Mei 1654 alizikwa. Sajili inamtaja kama mtumishi. Hakuna ndoa iliyoandikwa kwa jina lake, wala mtoto.

Hakuwa peke yake. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 katika kumbukumbu za Wafaransa wa Kanada, na theluthi mbili hivi walikuwa wenyeji wa nchi hiyo hiyo.

Mjukuu wangu alisikiliza yote haya akiwa ameshika kalamu. Kisha akauliza, “Olivier mama yake aliitwa nani?”

Baba yake alifungua kinywa, akakifunga. Sajili zilizomfikisha yeye hadi Paris ya karne ya 16 hazina jibu la swali hilo. Karatasi ilimhifadhi Olivier kwa sababu alikuwa mali ya nyumba yenye jina. Ilihifadhi bei yake, kesi yake na kaburi lake. Nikakumbuka kipande ambacho babu zetu walivalishwa shingoni miaka ya 1920, chenye jina la mtu, alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake. Nacho kilikuwa ni maandishi. Lakini hakikuandikwa ili wajukuu wamkumbuke.

Simu kwa Senge

Usiku ule, huko Bungoma jua likichomoza, nilimpigia simu shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Sisi humwita Senge. Yeye ndiye mkubwa aliyesalia katika boma letu. Miaka mingi nilikuwa nikisema nitakaa naye na daftari, Krismasi ijayo, Pasaka ijayo. Nikaweka simu katikati ya meza, mtoto akakaa na karatasi yake.

“Mulembe, Senge.”

“Mulembe muno, mwanangu. Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Kuna mtoto anayetaka kujua watu wetu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza. Babake, tuliyemjua. Baba yake babake, ambaye alikuwa mvulana wa kuchunga ndama wakati Waingereza walipopigana na Wabukusu huko Chetambe. Nikamwambia mtoto aandike pembeni: 1895. Alitahiriwa katika rika la Kolongolo. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka, kila moja likirudi baada ya miaka mia moja hivi, basi Kolongolo ya mzee huyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20. Unaona, msomaji? Nasi tulikuwa na sajili. Kila mwanamume aliibeba katika rika lake. Senge akapanda tena, akataja baba wa huyo, na babu yake, na babu wa babu, mpaka majina yakafika manane. Jasho lilinitoka.

“Na mkewe?” mtoto akanong'ona. “Mke wa yule wa Chetambe.”

Nikauliza. Senge akakawia hata nikadhani simu imekatika.

“Huyo huwa hatumtaji,” akasema. “Hakuwa na watu.”

Polepole akatueleza. Mwaka wa njaa kubwa, msichana mdogo aliletwa bomani na wageni waliokuwa wakipita. Walimwacha, wakaondoka na vikapu viwili vya wimbi. Hakujua kusema kwetu. Wakampa jina la njaa, kama Wabukusu wanavyomwita Nanjala msichana aliyezaliwa wakati wa dhiki. Alikua hapo, akaolewa na mwana wa boma hilo. Yeye ndiye mama wa babu yangu. Wazee walipohesabu ukoo walimruka, kwa kuwa mahari yake hayakuwa na mahali pa kwenda.

“Alikuwa akiimba wimbo wa kwao akisaga,” Senge akasema. “Mimi nilikuwa mdogo. Maneno yake sikuyajua.”

Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia, nikaona jinsi karatasi za watu wengine zinavyosahau mtoto wa mtu, kumbe hata vinywa vyetu vilikuwa vimesahau. Tena si kwa bahati mbaya. Tuliamua.

Mjukuu wangu alichora kisanduku kando ya mzee wa Chetambe, akaandika jina lile la njaa. Juu yake akachora visanduku viwili vya baba na mama, akaviacha vitupu. Baba yake akamwambia mwalimu huenda akadhani hakumaliza kazi.

“Nitamwambia walikuwepo,” mtoto akajibu.

Mpenzi msomaji, yaliyobaki ni yako. Likizo ijayo ukienda mashambani, peleka daftari pamoja na sukari na majani chai. Anza na wewe mwenyewe, panda ngazi moja moja. Uliza kila mke alizaliwa kwa nani. Uliza rika, mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, vita gani. Andika majina ya utani pia, kwa maana ndiyo yanayowapoteza watafutaji. Yaliyosemwa yapime kwa maandishi: vitabu vya ubatizo vya misheni, hati za ardhi, kipande cha babu kama bado kimo sandukuni, na mafaili ya wilaya katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Na mzee akisema kuna mtu ambaye “huwa hatumtaji,” usifunge daftari. Mwombe kwa heshima akueleze, uandike.

Mpwa wangu sasa anawauliza wazee wa upande wa babake, maana huko nako kuna visanduku vitupu. Mimi nilirudi Bungoma mwezi wa Desemba, nikakaa na Senge siku tatu. Aliyakumbuka majina mengine manne. Wimbo wa kusagia alijaribu kuuimba, akapata sauti yake tu. Nimeirekodi hivyo hivyo, bila maneno, nikampelekea mtoto.